Jaji Navi Pillay na kesi ya Akayesu: nani hasa aliongeza shtaka la ubakaji?

Mwanafunzi_LLB: Wakuu, naandika kazi kuhusu Navanethem (Navi) Pillay, jaji kutoka Afrika Kusini. Kila ninapopita nakuta kwamba "aliongeza shtaka la ubakaji" kwenye kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ile ya mahakama ya Umoja wa Mataifa (ICTR) pale Arusha iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Jaji ana mamlaka hayo?

Wakili_Kaloleni: Hana. Jaji hashtaki. Kesi ilianza Januari 1997 ikiwa na makosa 12, ubakaji haumo. Shahidi J, katika maelezo yake ya mambo mengine, akataja kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa na Interahamwe (wanamgambo wa Kihutu) watatu. Majaji hawakuliacha lipite, wakamuuliza zaidi. Baadaye Shahidi H naye akaeleza alivyobakwa. Upande wa mashtaka ukaenda kuchunguza upya, ukaomba kurekebisha hati ya mashtaka, na tarehe 17 Juni 1997 yakaingia makosa ya 13, 14 na 15, yanayohusu ubakaji na ukatili wa kingono. Hukumu yenyewe, aya ya 417, inalieleza hili, tena inakana kwamba lilitokana na shinikizo la umma.

Jopo lilikuwa la watu watatu: Laïty Kama wa Senegal akiongoza, Lennart Aspegren wa Sweden, na Pillay, ambaye wakati ule alikuwa jaji mwanamke pekee katika mahakama nzima. Kwa hiyo andika: maswali ya majaji yalifungua njia, mwendesha mashtaka akaomba, jopo likaruhusu.

Dada_Rufaa: Uzito wa kazi ya Pillay uko kwenye hukumu ya Akayesu ya 2 Septemba 1998. Aya ya 598 na 688 zinaueleza ubakaji kuwa uvamizi wa kimwili wenye sura ya kingono katika mazingira ya shuruti, bila kuorodhesha viungo vya mwili. Ukatili wa kingono ukapanuliwa zaidi: hata kumlazimisha msichana afanye mazoezi ya viungo uchi mbele ya watu umo, ingawa hakuna aliyemgusa. Aya ya 731 ndiyo inayouhesabu ubakaji kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Wengi hukosea hapa: Akayesu alitiwa hatiani kwa makosa 9 kati ya 15. La 13 na la 14 yalisimama, la 15, ambalo ni la uhalifu wa kivita, lilianguka. Jopo lilitaka uthibitisho kwamba alikuwa na nafasi rasmi upande mmojawapo wa vita. Mwaka 2001 majaji wa rufaa wakasema sharti hilo halimo katika sheria, ila matokeo hayakubadilika. Taja hukumu zote mbili kwa namba zake: ya kwanza ICTR-96-4-T na ya rufaa ICTR-96-4-A.

Mwanafunzi_LLB: Shukrani. Na kesi ya vyombo vya habari?

Wakili_Kaloleni: Hiyo aliongoza jopo mwenyewe, hukumu ikatoka Desemba 2003 dhidi ya watu wa redio ya RTLM na gazeti la Kangura, vilivyochochea chuki dhidi ya Watutsi. Usiinukuu peke yake. Rufaa ya 2007 ilifuta sehemu kubwa, ikiwamo hatia ya njama ya mauaji ya kimbari, na adhabu za washtakiwa watatu zikashuka: Nahimana miaka 30, Barayagwiza 32, Ngeze 35.