Albert King, mpiga gitaa wa blues, alivutaje nyuzi namna ile?

Swali: Wadau, katika rekodi zake za Stax, kampuni ya muziki ya Memphis, Marekani, uzi mmoja unapanda kama mtu anayelia. Kuusukuma juu hakufikishi sauti ile. Siri iko wapi?

Jibu: Alikuwa mashoto. Aligeuza gitaa lake la Flying V (lenye umbo la herufi V) bila kubadili mpangilio wa nyuzi, hivyo uzi mwembamba ukakaa juu, naye akauvuta kuelekea chini. Kuvuta kuna nguvu kuliko kusukuma. Tena alizilegeza chini ya kiwango cha kawaida.

Jibu: Na hakushika piki (kijibamba cha kupigia nyuzi), ni dole gumba tupu! Kwa gitaa la kawaida, shusha nyuzi zote toni moja, uzi wa kwanza uwe namba 9 (unene wa inchi 0.009), usukume kwa vidole vitatu pamoja. Sauti ikikatika katikati, uzi unagusa freti (vyuma vya shingoni) za mbele: inua kidogo daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi kwenye mwili wa gitaa.