Profesa Ali Mazrui: je, kazi yake yenye uzito iliishia Makerere?

Mwanafunzi_Siasa:
Ndugu zangu, ninasomea sayansi ya siasa na nimepewa kazi ya kuandika juu ya maisha ya Profesa Ali Mazrui. Vyeo vyake nimevipata bila taabu. Kinachonitatiza ni namna ya kuipima kazi yake. Mhadhiri wetu anashikilia kwamba Marekani ilimgeuza mtu wa televisheni, na kwamba maandishi yake ya maana ni yale ya Kampala, alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Makerere. Ninyi mliomsoma kwa miaka mingi mnasemaje?

Mwana wa Mvita:
Mdogo wangu, kabla ya Kampala anza na Mombasa, alikozaliwa mwaka 1933. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa akichapisha magazeti yake mwenyewe na kujadili humo dini, elimu na hali ya Waislamu wa pwani chini ya ukoloni, kwa hiyo kijana huyu alikulia katika nyumba ambayo hoja iliandikwa na kutetewa hadharani. Matokeo yake ya sekondari hayakumwezesha kuingia Makerere kama mwanafunzi. Alifanya kazi katika taasisi ya elimu ya Waislamu mjini Mombasa hadi alipopata ufadhili wa kwenda Uingereza, akahitimu Manchester mwaka 1960, Columbia mwaka 1961, na kupata udaktari wa Oxford mwaka 1966. Makerere aliingia mwaka 1963 akiwa mwalimu, na hapo akawa mkuu wa idara ya sayansi ya siasa na mkuu wa kitivo. Jambo hili lisikupite, kwa maana wanafunzi wengi huambiwa kwamba mtihani mmoja ndio mwisho wa safari.

Msomaji wa Kampala:
Nakubaliana na mhadhiri wako kwa sehemu. Mwaka 1966, Rais Kwame Nkrumah wa Ghana alipokuwa amepinduliwa, Mazrui aliandika katika jarida la Transition, lililochapishwa Kampala, kwamba kiongozi huyo alitaka kuwa Lenin (kiongozi wa mapinduzi ya Urusi) wa Afrika huku akijifanya mfalme wa Ghana. Wapenzi wa Nkrumah walikasirika sana, lakini hoja ilisimama: mtu aweza kuwa shujaa wa bara zima na bado akawakandamiza raia wake. Alijadiliana pia hadharani na Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, aliyeamini kwamba mizizi ya matatizo yetu iko katika ubepari wa dunia. Mijadala ya namna hiyo ilihitaji chuo ambacho mwalimu aliweza kusema bila kuogopa, na baada ya Idi Amin kutwaa madaraka mwaka 1971 chuo cha aina hiyo hakikuwapo tena. Mazrui aliondoka mwaka 1973. Kwa hiyo tusiseme aliikimbia Afrika kwa tamaa.

Bi. Mwalimu:
Mimi simwafiki mhadhiri. Akiwa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani, Mazrui alitoa mihadhara ya Reith, ile ya redio ya BBC, mwaka 1979, na humo akadai kwamba nchi za Afrika ziwe na silaha za nyuklia ili mataifa makubwa yalazimike kuziteketeza zao. Pendekezo hilo naliona la hatari, tena halikujibu ni nani angezilinda silaha hizo katika nchi zinazopinduliwa kila mara, lakini haliwezi kuitwa burudani ya televisheni. Kisha ukaja mfululizo wake wa televisheni wa mwaka 1986 juu ya urithi wa aina tatu: wa asili ya Kiafrika, wa Uislamu na wa Magharibi. Lynne Cheney, aliyeongoza mfuko wa serikali ya Marekani uliochangia gharama, aliona umeelemea upande mmoja dhidi ya Magharibi, akataka jina la mfuko huo liondolewe. Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, naye aliushambulia kwa sababu nyingine, akiona Uislamu umepewa nafasi kubwa mno. Ukiweka makala ya Nkrumah kando ya mihadhara ya 1979, utaona mwandishi ni yule yule, asiyewabembeleza wenyeji wake, wawe Kampala au Washington. Kwa kazi yako, nakushauri usome hivyo viwili kwanza, kisha uipime lawama ya Soyinka kwa uzito wake, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyomgusa katika kiini cha nadharia yake.