Goma, juu ya mawe: uzio wa muda wa mbwa wawili, nichague upi?

Mama Imani (Himbi)

Jambo wote. Wiki iliyopita mvua ya usiku iliangusha ukuta wetu wa nyuma, ule wa mawe ya volkano, karibu mita nane. Mwenye nyumba amekubali kuujenga upya, ila fundi amesema tuhesabu miezi miwili. Kwa sasa pengo limezibwa na mabati yaliyoegemezwa kwenye mbao, na Bobi aliyapenya siku ya pili tu. Zamu, mlinzi wa jirani, ndiye aliyemrudisha, jicho la Bobi limevimba, ncha ya bati imemchana juu ya kope.

Mbwa ninao wawili. Bobi ni dume, miaka minne, kifua kipana, na kitasa cha kusukuma anakifungua kwa pua. Fifi ni jike, mwaka mmoja na nusu, mwembamba. Pale kichwa chake kinapopita, mwili unafuata. Tena nahesabu siku zake: ataingia joto kabla ukuta haujaisha. Mbwa wa mtaa wameshaanza kulala mbele ya geti letu.

Mnyororo sitaki. Baba mdogo alikuwa na mbwa aliyefungwa chini ya mti wa avoka miaka yote, shingo ikabaki haina manyoya, na siku moja akamuuma mtoto aliyekuwa akimpelekea chakula. Mtoto yule ni mimi. Alama iko mkononi hadi leo, na sijawahi kumlaumu yule mbwa.

Sasa nimeletewa njia tatu. Fundi wa kuchomelea anataka dola 180 kwa paneli sita za chuma na mlango. Seremala anasema atasimamisha miti ya mikaratusi na wavu wa kuku kwa chini ya nusu ya hiyo. Shemeji anashauri mabati pande zote, mbwa wasione barabara na wasibweke. Kuchimba hakuna: mwenye nyumba hataki, na hata angetaka, hapa ukipiga sururu unapata cheche.

Mahali nimeshapaona. Nyuma ya jikoni kuna kibonde, kama mita moja chini ya uwanja, kina kivuli siku nzima, pametulia, hata upepo haufiki. Nipeni mawazo kabla sijatoa pesa.

Fundi_Majengo

Mama Imani, jambo. Wavu wa kuku ni wa kuzuia kuku. Waya wake ni mwembamba, umesokotwa tu. Mbwa mwenye kifua kama cha huyo Bobi akiuegemea mara tatu unafunguka kama sweta. Chukua wavu uliochomelewa kila makutano, tundu lisizidi sentimita tano, kwa ajili ya huyo mwembamba.

Mimi ningekutengenezea paneli za mita 2 kwa mita 1.80, fremu ya bomba la mraba. Angalia wavu umechomelewa upande gani wa fremu: uwe upande wa ndani. Mbwa akisukuma, anausukuma kwenye chuma. Ukiwa nje, anausukuma utoke. Ni jambo dogo, na mafundi wengi hawalijali kwa sababu hawajawahi kurudishiwa kazi na mbwa.

Paneli zifungwe kwa bolti na nati, tatu kila kiungo, ya chini iwe karibu kabisa na ardhi. Zile kamba za plastiki za kukaza usizitumie: jua linazikausha na meno yanamaliza. Ukifunga kwa waya, ncha zote uzipinde kwa nje.

Kusimama bila kuchimba: sita zikiwa mduara au mstatili zinashikana zenyewe, lakini Bobi akiruka zitatembea. Kila pembe weka mguu wa chuma wa mita moja unaotoka nje umelala chini, na juu yake magunia mawili ya mawe. Mawe huko kwenu hayanunuliwi. Chini, kwa kuwa ardhi ina mabonde na vichwa vya mawe, patabaki nafasi za kupenya. Usizibe kwa jiwe moja moja, atalisukuma. Laza wavu upana wa nusu mita kwa ndani, uufunge kwenye paneli, kisha umwage kokoto juu.

Mlango ufunguke kwa ndani, ili mbwa akiusukuma aufunge. Komeo mbili, moja juu na moja chini, zenye kipini cha kupenyeza. Na paka rangi ya kuzuia kutu hata kama ni ya miezi miwili. Moshi wa volkano ya Nyiragongo ukichanganyika na mvua unavyokula chuma mnaujua wenyewe kwenye mabati yenu.

Nabintu wa Bukavu

Dada, kwetu Bukavu udongo ni mwekundu na laini, shida yetu ni kinyume na yenu: mbwa anachimba usiku mmoja anatokea kwa jirani wa chini ya kilima. Wavu wa kulaza ndani ndio ulioniokoa, nauunga mkono. Mabati pande zote hapana. Niliwahi kufanya hivyo, mbwa akawa anabweka kila sauti ya mguu kwa sababu haoni anayepita. Ziba upande wa barabara peke yake. Na mkanda wa shingo uvue wakiwa ndani, unaweza kunasa kwenye waya hakuna mtu nyumbani.

Papa wa Kyeshero

Mwanangu, nimesoma haya ya mabomba na komeo, yote ni mazuri. Mimi nimekwama kwenye sentensi yako ya mwisho. Kibonde, Himbi, pametulia, upepo haufiki. Tafadhali usiweke kiumbe chochote pale kabla hujanisikiliza.

Tunayo mazuku upande huu wa magharibi wa mji, kuanzia huko kwenu kuja kwetu hadi Lac Vert na Bulengo. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye nyufa za mawe. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kama mara moja na nusu, kwa hiyo inashuka na kujaa kwenye mashimo kama maji kwenye beseni. Usiku na alfajiri, hewa ikiwa imetulia, beseni linajaa. Jua likipanda na upepo ukavuma, inatawanyika. Ndiyo maana mtu anapita saa sita mchana haoni kitu, anasema mahali ni salama.

Nilikuwa na mbwa wa rangi ya majivu, tulimwita Askari. Tulimtengea pahali pazuri nyuma ya nyumba, chini kidogo, kama hapo kwako. Asubuhi ya saa kumi na mbili mke wangu alimpelekea maji. Alimkuta amelala ubavu, miguu imenyooka, hana jeraha, hana povu. Bakuli la usiku lilikuwa nusu, nzi hakuna hata mmoja juu ya chakula. Nami nikainama kumshika, nikahisi pumzi inakatika na kichwa kinapiga. Mtoto wangu mkubwa alinivuta kwa shati. Ningepiga magoti, nisingeandika haya.

Mtu mzima amesimama, pua yake iko juu ya beseni. Mbwa aliyelala pua yake iko kwenye sakafu ya beseni. Yeye ndiye anayetangulia, na watoto wanamfuata.

Wengine watakuambia ushushe mshumaa kwa kamba. Ukizimika, hakika ni mazuku, ondoka. Lakini ukiendelea kuwaka usiseme pako salama, kwa sababu hewa hiyo inamdhuru mnyama kabla haijatosha kuzima moto. Angalia badala yake panya, mijusi, ndege waliokufa bila sababu. Waulize waliokaa hapo kabla yako. Na ukikuta mbwa ameanguka humo, usishuke, usimtume mtoto. Mvute kwa kamba au mti mrefu ukiwa juu.

Weka uzio mahali palipoinuka, upepo upite chini hadi juu.

Mama Imani (Himbi)

Papa, nimesoma maneno yako usiku, mikono ikanitetemeka. Leo asubuhi nimevuka kwa bibi jirani, amekaa hapa tangu kabla ya volkano ya 2002. Nilipotaja kibonde tu akasema: «Pale? Pale tunaokotaga panya, tulifikiri watu wa nyumba yako wanaweka sumu.» Sijawahi kuweka sumu.

Watoto wangu huwa wanafuata mpira kule. Nimeshaweka mbao na miiba ya kuziba njia, na mwenye nyumba nimempigia simu. Aksanti sana, papa. Pole kwa Askari.

Jeanne_mifugo

Mama Imani, naongeza mawili kwa sababu natibu wanyama. Joto la jike huchukua kama wiki tatu, na siku hizo dume wa nje atapanda mita 1.80 bila taabu akipata pa kukanyagia. Funika juu kwa wavu, wala usiache ndoo au kibanda karibu na paneli. Msiwaweke Bobi na Fifi pamoja, hata kama wamelelewa pamoja. Tenga kwa paneli ya katikati na uifunike kwa mbao, maana wavu mtupu hauwazuii mbwa kupandana.

La pili, chanjo ya kichaa cha mbwa kwa wote wawili, kabla ya uzio. Mbwa wasiojulikana watakuja kugusana nao pua kwa pua.

Mama Imani (Himbi)

Narudi baada ya wiki tatu, maana wengine mtatafuta jibu kama mimi.

Nilichukua paneli za chuma, zikawa saba badala ya sita kwa ajili ya ile ya katikati. Zimesimama kando ya tanki la maji ya mvua, mahali pa juu kabisa pa kiwanja, ziwa linaonekana kutoka pale na upepo wake unafika. Kivuli hakikuwepo, na mawe meusi saa saba mchana hayakanyagiki: niliweka kiganja, sikuhesabu hadi tano. Kwa hiyo nusu ya juu ni turubai juu ya wavu, imeinamishwa mvua imwagike nje, na chini yake mbao za paleti ili walale bila kugusa jiwe. Bidoni moja ya lita 20 kwa siku inatosha kunywa na kusafisha.

Wavu ulikuwa umechomelewa nje, kama Fundi alivyoonya. Nilimrudishia fundi wangu kabla hajaziondoa kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, akalalamika, akazigeuza.

Fifi ameingia joto Jumapili. Usiku wa kwanza nilihesabu madume manne, mmoja alipanda hadi kwenye turubai akateleza. Bobi hakula siku mbili, sasa anakula. Komeo ya juu bado anaijaribu kwa pua kila jioni, naisikia ikigonga nikiwa jikoni. Ile ya chini hajaigundua.

Swali limebaki moja, papa wa Kyeshero: wajenzi wanataka kutupa kifusi cha ukuta kwenye kibonde wakijaze kabisa. Inasaidia, au hewa itatafuta ufa mwingine karibu na nyumba?

Papa wa Kyeshero

Kujaza kunaondoa beseni, ila hakuzibi chemchemi. Wakijaza, wajaze hadi juu, kusibaki hata shimo la kiti. Kisha mwezi mzima kila alfajiri tazama kandokando ya nyumba, hasa chini ya sakafu ya mbao, na watoto walale kwenye vitanda vilivyoinuka, madirisha yapitishe hewa. Mimi nikiwa mzima nitakuja Jumamosi tuangalie pamoja. Nije asubuhi mapema, kabla ya upepo.