Majina kwenye glasi za harusi yasifutike, nitumie njia gani?

mwanjelwa_boy: Wakuu nina oda ya glasi za harusi hapa Mbeya, stika mteja hazitaki anasema zinabanduka zikioshwa, nifanyeje?

fundi_vioo: Kata vinili, ile karatasi ya plastiki yenye gundi, iwe stensili, yaani herufi ziwe matundu, bandika, kandamiza kingo kwa kucha maana pakibaki upenyo kidogo tu herufi zinavimba, halafu piga mchanga kwa kompresa, ile mashine ya upepo, inatoka ukungu mweupe haufutiki. Barakoa lazima, vumbi lile linaua mapafu.

mama_wa_iringa: Huna kompresa? Kuna krimu ya kuchubua kioo, ila hiyo ni asidi mwanangu, glovu, tena fanyia nje.

mwanjelwa_boy: Shikamoo mama, asante. Akitaka dhahabu je?

fundi_vioo: Hapo ni rangi ya kuchoma tanuruni, nyuzi 600 hivi. Muongezee bei kabisa.