Naomba ushauri: ratiba ya matengenezo inagongana na samaki

Habari za jioni wakuu. Ni fundi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Programu yetu ya kupanga matengenezo inatoa kazi ya kubadili oili ya kompresa ya mashine ya barafu kila siku 30, hata kama samaki wameadimika na mashine imelala. Juzi imeangukia siku malori mawili yako getini, barafu inadaiwa!

Nimesogeza tarehe kwa mkono, ila ya mwezi unaofuata haisogei. Nikichelewa kufunga kazi (kuiandika imekamilika), zinarundikana mbili.

Nihamie kwenye saa za mita (saa ambazo mashine imefanya kazi kweli), au nibaki na siku zihesabiwe tangu kazi ilipofungwa? Na uzimaji wa kupanga mnauingizaje usihesabiwe kama mashine imeharibika? Bosi anasoma ripoti ya mashine kuharibika tu.