Peugeot 504 ya marehemu mzee: betri inakufa kila asubuhi na mkaguzi anataka gari lije lenyewe

Isamilo Juu (Leicester) kaandika:

Mwangaluka wandugu, wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa haraka. Ile 504 ya marehemu mzee, ya mwaka 1978, bado ipo nyumbani Isamilo, Mwanza, chini ya mwembe, msimamizi wa mirathi ni mimi, fomu namba 4 ninayo, TIN ipo, NIDA ya mdogo wangu ipo, kadi orijino ipo. Sasa kwenye kubadili umiliki ofisi inataka ilione gari, wahakiki namba ya chasisi na ya injini, sawa hiyo naielewa, dogo kaenda kuomba waje wao nyumbani akaambiwa gari lije lenyewe kwa matairi yake, kuvutwa na brekidauni hawataki. Shida ndo hiyo, haliwaki. Betri ni N70 mpya, jioni wakilibusti linaunguruma vizuri kabisa, asubuhi ukizungusha funguo ni tik tik tik basi. Fundi mmoja kasema betri feki, mwingine kasema nunua alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka. Miadi ni Alhamisi.

Maswali: kuna mtu kawahi kufanyiwa ukaguzi nyumbani, na barua alimwandikia nani? Na dogo afanye nini na hiyo betri, yeye si fundi, hana mita, namwelekeza kwa video nikiwa kazini.

Pasiansi (Reading):

Pole kaka. Fomu namba 5 na 6 umesharudisha mahakamani? Maana watu wengi wakishapata namba 4 wanadhani kazi imeisha, orodha ya mali na hesabu za mgawanyo hawapeleki, halafu shangazi anaibuka miaka mitatu baadae.

Kuhusu gari, mimi hapa nina Morris Minor, ikikaa wiki mbili gereji betri chali. Nimeiweka SORN (yaani nimetangaza haitembei barabarani) msimu wa baridi, sitaki mawazo. Raha ya huku ni kwamba gari likivuka miaka 40 hakuna kodi hakuna MOT (ukaguzi wa gari wa kila mwaka), nyumbani wangekuwa na utaratibu kama huo mzee wako asingesumbuliwa.

Kirumba Mwaloni (Birmingham):

Pasiansi usipotoshe watu. Kodi ni pauni sifuri lakini kuomba unaomba kila mwaka kama kawaida, na msamaha wa MOT unajaza fomu V112, haujileti wenyewe. Bima iko palepale labda gari liwe SORN. Kuna kijana hapa mtaani kasikia "hakuna kodi" akaishia kupata barua ya faini. Na nyumbani hata hiyo ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilishafutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo hoja yako haina miguu.

Swali la msingi: taa ya buti. Hizo Peugeot taa ya buti haizimi. Mwambie dogo aikate.

Kamanga Feri (Hannover):

Kabla dogo hajagusa chochote ajue kwanza bodi imefungwa hasi au chanya!! Baba mkubwa alikuwa na Landrover ya 64, chanya ndo inaenda kwenye bodi, kijana wa gereji akaibusti kwa kawaida yake, cheche kila mahali, nyusi ziliungua. Magari ya zamani si ya kuchezea.

Kirumba Mwaloni (Birmingham):

Hayo ni ya Waingereza wa zamani, Landrover za miaka hiyo na hiyo Morris ya Pasiansi. 504 ni Mfaransa, hasi kwenye bodi kama gari lolote la leo. Usimtishe mtoto.

Mabatini Gereji (Mwanza, zamani Aarhus):

Marahaba wadogo zangu. Nimerudi nyumbani kitambo, magari ya aina hii nayashika kila wiki, nisikilizeni kidogo kabla mtu hajauziwa alteneta.

Kirumba, taa ya buti ni wati 5. Gawa kwa volti 12 unapata kama 0.4 ampea. Usiku wa saa 12 inakula ampea-saa 5 hivi, betri ina 70. Hiyo haiui N70 usiku mmoja, inaiua kwa siku kadhaa. Ikifa usiku mmoja kutoka kujaa kabisa maana yake kuna kitu kinakunywa ampea tatu nne hivi, ama betri yenyewe ndani imeoza, AMA (na ndo ninavyohisi mimi) haijawahi kujaa. Jamani kubusti siyo kuchaji. Mnalibusti, linaunguruma dakika kumi limesimama pale pale, mnazima mnafurahi. Dakika kumi hazirudishi kitu. Kwa hiyo kila jioni mnalaza betri yenye njaa, hata mvujo mdogo wa umeme unaimaliza.

Dogo aitoe betri aipeleke kwa wachaji betri, awaambie ampea 7, polepole, ilale huko. Wasiipige chaji kali ya nusu saa. Ikirudi aifunge, aliwashe gari, alizime, halafu afungue waya wa hasi kwa spana namba 10 aende kulala. Asubuhi arudishe. Ikizungusha vizuri, betri ni nzima na mvujo uko kwenye gari. Ikigoma wakati ililala haijafungwa, hapo ndo aende dukani na risiti.

Usiku mwingine ailaze imefungwa, na asubuhi kabla ya kugusa funguo aweke kiganja kwenye alteneta. Injini imelala usiku kucha, alteneta inatakiwa iwe ya baridi. Ikiwa na uvuguvugu, daiodi zake zinarudisha umeme, na fundi wa pili atakuwa sahihi. Hakuna mita hapo, kiganja tu.

Kama ni baridi, achukue globu ndogo ya taa ya paki na vipande viwili vya waya, aifunge katikati, upande mmoja kwenye waya wa hasi uliofunguliwa, upande wa pili kwenye kichwa cha hasi cha betri. Milango imefungwa, kila kitu kimezimwa. Globu ikiwaka kuna umeme unapita. Achomoe fyuzi moja moja mpaka izime, ile iliyoizima ndo njia ya mwizi wa umeme. Zikiisha zote na bado inawaka, aangalie redio na alamu. Hizi gari za wazee vijana wamezifunga redio "dairekti" kwenye betri bila fyuzi, na alamu za vishindo juu yake, nikiziona huwa natukana.

Kwa Alhamisi wala asihangaike kutafuta mwizi. Betri ijae, kila usiku hasi ifunguliwe, asubuhi ifungwe, gari linaenda.

Pasiansi (Reading):

Mkuu umeshusha nondo. Ila si nyumba iko Isamilo juu? Alisukume tu kwenye mteremko, liingie gia ya pili, mbona mzee mwenyewe alikuwa anafanya hivyo, analipaki linaangalia ziwani makusudi.

Mabatini Gereji (Mwanza, zamani Aarhus):

Likiwa na umeme kidogo sawa. Betri ikiwa imekauka kabisa koili haina cha kutoa cheche na alteneta haina cha kuamshia, utateremka mpaka Makoroboi unasalimia watu. Magari ya dainamo ndo yalikuwa yanasamehe kidogo.

Mama Sengerema (Minneapolis):

Mmenikumbusha mbali. Nilipanda hiyo hiyo 504 nyuma tukiwa watoto saba tunakwenda Sengerema, foleni ya kivuko Busisi tangu asubuhi, mzee anazima gari halafu anatuwekea redio tusikilize mpira, likija pantoni gari haliwaki na watu wote nyuma wanapiga honi. Tunasukuma na nguo za sikukuu. Sasa naambiwa daraja limefunguliwa, kilomita tatu unapita dakika chache tu, sijaliona mpaka leo. Huku asubuhi ikifika nyuzi hasi ishirini betri za watu zinakufa mtaa mzima na kila mtu anailaumu baridi.

Mabatini Gereji (Mwanza, zamani Aarhus):

Dada baridi inaonewa. Joto ndo linaiua betri miezi yote ya jua, baridi inakuja kutangaza msiba tu. Hapa Mwanza tunaua betri nyingi kuliko nyie, na wengine wanaongeza maji ya bomba badala ya maji ya betri.

Capri Point (Toronto):

Wote mnazunguka. Tatizo si betri, tatizo ni kwamba sisi tuliochukua pasi za huku tumevuliwa uraia, leo mtu anahangaika na gari la baba yake kwa video. Tukidai uraia pacha tunapewa "hadhi maalum". Hela zetu zinatakiwa, sisi hatutakiwi. Ardhi ya mzee wangu Ilemela yenyewe inakaa kwa jina la binamu.

Kirumba Mwaloni (Birmingham):

Capri, kila uzi unaufikisha hapo hapo. Mwenye gari ana pasi ya Tanzania.

Kamanga Feri (Hannover):

Lakini ana hoja. Huku gari likitimiza miaka 30 na likiwa katika hali nzuri unapewa namba yenye H mwishoni, serikali inalitambua kama urithi. Sisi tunalikagua kama limeibiwa jana. 504 hiyo hiyo ilishinda mbio za Safari Rally 1975 na 1978, watu walijipanga barabarani kuziona!

Isamilo Juu (Leicester):

Wabeja sana mkuu Mabatini. Dogo amefungua hasi jana usiku, asubuhi imezungusha bila kubustiwa. Kuna redio kweli, na kuna kisanduku cheusi chini ya dashibodi ambacho hakuna anayejua kinafanya nini. Suala la barua ya ukaguzi bado, kuna anayejua jamani?

Mama Sengerema (Minneapolis):

Nani anakuja Desemba? Nina ndugu ana kilo tano za michembe (viazi vitamu vya kukausha) na dagaa, hataki kutuma kwa mtu asiyemjua.

Pasiansi (Reading):

Mimi. Dagaa sibebi lakini. Na Isamilo, mkiamua kuliuza hilo gari nitafute kabla ya watu wa Dar hawajasikia, hicho kisanduku nacho nakitaka.