Kiwango cha programu kimekwama kamatini: tuharakisheje bila kufungia watu nje?

seva_ya_pwani
Wakuu, habari za kazi. Kampuni saba zinaandaa kiwango kimoja cha kubadilishana taarifa za malipo kati ya mifumo ya SACCO. Rasimu ni faili la Word linalozunguka kwa barua pepe, maoni hupokewa kila robo mwaka, na hoja zilezile hurudi kila kikao. Wapo wanaotaka wajumbe wapunguzwe ili kazi iende mbio. Ndiyo dawa?

mla_rasimu
Hapana mkuu. Mtakaowaacha nje ndio watakaogoma kukitumia. Kinachokula muda ni kubishania maandishi ambayo hakuna aliyeyajaribu.

Tazama TC39, kamati ya kiwango cha JavaScript, lugha ya programu za wavuti. Toleo la 4 lilibebeshwa mambo mengi kwa mkupuo, likatupwa 2008. Tangu 2015 wanatoa toleo kila mwaka, na kila pendekezo linapanda ngazi peke yake, hatua ya 0 hadi ya 4. Lisiloiva linangoja mwakani bila kuzuia mengine. Kufika hatua ya 4 ni lazima majaribio yawe ndani ya Test262, mkusanyiko rasmi wa majaribio ya lugha hiyo, na programu mbili ziwe zimeyafaulu. Mwishoni mwa 2023 wakachomeka hata hatua ya 2.7: muundo umekubalika, sasa andikeni majaribio kabla watengenezaji hawajaambiwa waanze kazi.

Kwa hiyo hamisheni rasimu kwenye Git (mfumo wa kufuatilia kila badiliko la faili), kwa Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio). Badiliko lolote linalogusa tabia ya mfumo lije na jaribio lake. Lisipokuwa nalo, lisiingie tawi kuu, yaani nakala rasmi. Na wekeni namba ya rasimu ndani ya ujumbe wenyewe. Waliotengeneza HTTP/2, itifaki ya mawasiliano ya wavuti, walitumia majina kama h2-14 (rasimu ya 14), ili programu mbili za rasimu tofauti zisidhani zinaelewana. Mkilisahau hili, mtu ataingiza rasimu ya 3 kwenye kazi halisi, na hapo hamuibadilishi tena.

bi_itifaki
Niongezee upande wa uwazi. IETF, jumuiya inayoandaa viwango vya intaneti, haina uanachama. Yeyote anaingia na kutoa hoja, na uamuzi wa kikaoni lazima uthibitishwe kwa maandishi kwenye orodha ya barua pepe ya kikundi, ili asiyehudhuria naye asikike. Hawapigi kura. RFC 7282, mojawapo ya hati zao, inaeleza vizuri: pingamizi lazima lijibiwe, si lazima likubaliwe. Likishajibiwa, andikeni sababu na mlifunge. Lisifunguliwe tena bila hoja mpya. Hapo ndipo vikao vyenu vinapovuja.

Tenganisheni pia masuala ya uhariri na ya muundo, kama RFC 8874 inavyoelekeza vikundi vinavyotumia GitHub, tovuti ya kushirikiana kwa Git. Kosa la herufi mhariri analirekebisha mwenyewe. Sehemu mpya ya ujumbe inahitaji maafikiano. Mwito wa mwisho wa maoni uwe na tarehe: wiki mbili zinatosha kwa hati iliyokwisha kujadiliwa na kikundi.

hataza_kwanza
Hamjagusa hataza, yaani haki za kisheria za mwenye uvumbuzi. WHATWG, kikundi cha kiwango cha HTML, ilianza 2004 ikafika Desemba 2017 ndipo ikapata sera kamili ya hataza. Kwa kampuni saba hilo halisubiriki: kila mchangiaji atie saini sera ya hataza kabla ya badiliko lake la kwanza, si siku ya kuzindua.

Pia msiige ile “hati hai” yao isiyo na toleo la mwisho. Inafaa vivinjari vinavyojisasisha kila baada ya wiki chache. Mfumo wa SACCO unaweza kukaa mwaka mzima bila kuguswa, na mkaguzi anataka namba ya toleo aliyokagulia.

seva_ya_pwani
Shukrani wakuu. Mwenyekiti akifunga hoja kwa upendeleo je?

bi_itifaki
Wekeni rufaa mapema. IETF inatoa miezi miwili tangu uamuzi kujulikana: unaanza kwa mwenyekiti, kisha mkurugenzi wa eneo (msimamizi wa fani ya kikundi hicho), IESG (jopo la wakurugenzi hao), hadi IAB (bodi ya usanifu wa intaneti). Nyinyi ngazi mbili zinatosha, ila wa juu asitoke kampuni ya mwenyekiti. Na rufaa ikiwa inasikilizwa, sehemu nyingine za rasimu ziendelee.